Siku Moja Karakanani: Ninaunda Mini ya 1959 kwa Skeli ya 1:8

Saa 1 asubuhi. Kazi yangu ni kuunda modeli za magari kwa mkono, bila seti ya kiwandani, katika karakana ndogo kusini mwa Birmingham, upande ule ule wa jiji kilipokuwa kiwanda cha Longbridge, kilichounda magari ya Mini. Gari lililo mezani sasa ni Morris Mini-Minor ya mwaka 1959. Gari halisi lina urefu wa milimita 3,054, kwa hiyo modeli yake, iliyo ndogo mara nane, ni milimita 382. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ambao ni milimita 2,036, unakuwa milimita 254 na nusu. Kabla ya kushika chombo chochote ninaikagua michoro na kuilinganisha na vipimo nilivyochukua kwenye gari la mteja, kwa kuwa picha peke yake hupotosha: ikipigwa kwa karibu, pua ya gari huvimba na sehemu ya nyuma hufifia. Kwa mambo madogo ya miezi ya kwanza ya uzalishaji hurejea gari lenye namba 621 AOK, lililohifadhiwa katika jumba la makumbusho ya magari la Gaydon.

Saa 2. Ninaanza na paa. Ninakata bati la shaba nyeupe, ninalipasha kwa mwali wa gesi hadi lianze kuwa jekundu hafifu, kisha ninaliacha lipoe ili lilainike. Ninalilaza juu ya kalibu ya mbao ngumu na kuligonga polepole kwa nyundo ya mbao, nikianzia katikati na kuelekea pembeni. Kila pigo huikaza shaba, na sikio hutambua jambo hilo kabla ya jicho: mlio uliokuwa mzito huanza kuwa mwembamba na mkali, na hapo ni lazima kulipasha bati moto upya, la sivyo litapasuka penye kona.

Saa 4. Sasa nimefika kwenye mishono, yaani mahali mabati ya bodi yanapoungana, na hapa ndipo ninapotumia sehemu kubwa ya siku. Mini ilizaliwa baada ya mgogoro wa Mfereji wa Suez wa mwaka 1956, petroli ilipogawiwa kwa kipimo nchini Uingereza, na Leonard Lord, mkuu wa kampuni ya magari ya BMC, akamtaka mhandisi Alec Issigonis abuni gari dogo lisilokula mafuta mengi. Issigonis aliikingamisha injini, akaweka giaboksi chini yake ndani ya sampu (chombo cha oili kilicho chini ya injini), na akatumia magurudumu ya inchi 10 ili nafasi iliyobaki iwe ya abiria na mizigo. Bodi nayo ilipaswa kuungwa haraka na kwa gharama ndogo, hivyo kingo za mabati zilikunjwa kuelekea nje, mahali ambapo fundi wa kulehemu angezifikia bila taabu. Ndiyo sababu kuna ukingo uliosimama kati ya bawa la mbele (bati linalofunika gurudumu) na mlango, na mwingine kwenye kona ya nyuma.

Waunda modeli wengi huupunguza ukingo huo kwa tupa ili bodi ionekane laini zaidi. Sikubaliani nao hata kidogo. Ukiuondoa, umeondoa maelezo ya jinsi gari lilivyoundwa, na kinachobaki ni umbo tu linalofanana na Mini. Kwa hiyo ninaikunja kila kingo kwenye jiliwa, ninaipaka dawa ya kulehemia, kisha ninaiunga na mwenzake kama ilivyounganishwa kiwandani. Viungo vya kwanza navilehemu kwa risasi inayohitaji joto kali, na vya baadaye kwa ile inayoyeyuka upesi, huku nimefunika vile vya zamani kwa kitambaa chenye maji ili visiachie.

Saa 7 mchana. Ninakula na kupumzika kidogo. Macho yanahitaji kutazama mbali.

Saa 8. Milango ni kazi nyepesi kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu hata ile halisi ina vitu vichache ndani. Vioo vyake huteleza mbele na nyuma badala ya kushuka, hivyo hakuna mtambo wowote wa kuvishusha, na uwazi uliobaki uligeuzwa kuwa mfuko mpana wa vitu. Bawaba ziko nje. Kwa ndani, mlango hufunguliwa kwa kuvuta kamba, ambayo katika modeli ninaiwakilisha kwa uzi uliopakwa nta. Dashibodi ina spidomita moja ya duara katikati, iliyofaa gari la steringi ya kulia na la kushoto bila mabadiliko makubwa.

Saa 10 jioni. Ninaunda mlango wa buti, ambao hufunguka kwa kushuka. Kibao cha namba kimeshikiliwa kwa bawaba upande wa juu, ili buti likiachwa wazi kubeba mzigo mrefu, kibao kining'inie wima na kuendelea kusomeka barabarani. Kwa skeli hii bawaba hiyo ni bomba jembamba la shaba lenye waya ndani yake. Ninataka kibao kishuke kwa uzito wake chenyewe, hivyo ninausugua waya kwa msasa laini, ninajaribu, ninausugua tena, mpaka kinashuka bila kusukumwa.

Saa 12 jioni. Ninaiosha bodi yote kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki, nikisugua kila mshono, kwa maana dawa ya kulehemia ikibaki huila shaba taratibu na kuibandua rangi baadaye. Mteja amechagua Cherry Red, mojawapo ya rangi ambazo Morris iliuza mwaka huo, na itapuliziwa kwa tabaka jembamba sana ili isizibe mifereji ya paa. Mifereji yenyewe nitaiunga kesho. Leo nimekata vipande vyake viwili na kuviandika kushoto na kulia.