Zamu ya maji

Mwezi wa sita Moshi ni wingu tupu. Mlima unajifunika hata wiki mbili usiuone, manyunyu yanaanza alfajiri na hayana haraka ya kuisha, na mama yangu anahamia jikoni, anakaa kwenye kigoda magoti yameelekea mafiga, akisema baridi ya mwaka huu imekuja na meno. Husema hivyo kila mwaka. Safari hii nikamwambia, mama, twende Pangani ukaote jua.

"Pangani kwa nani?"

Hapo ndipo penye kazi. Sisi watu wa Kibosho hatusafiri kwenda mahali, tunasafiri kwenda kwa mtu: kwenye msiba, harusi, ubatizo, au kwa kijana aliyejenga Dar. Mama amefika Dar mara mbili, mara zote Kimara, akala pilau, akarudi. Ana miaka 71 na bahari hajawahi kuiona. Pangani hatuna mtu. Nikatafuta la kusema nikalipata: "Twende tukaone maji ya mfereji wetu yanakoishia."

Akanyamaza. Kwa mama, habari ya maji si mzaha. Mfereji unaopita juu ya kihamba chetu, shamba letu la migomba, unachukua maji ya mto Karanga, na zamu yetu ni Alhamisi, tangu alfajiri hadi saa sita. Tangu niko mdogo namwona akishuka gizani na jembe begani kwenda kung'oa magogo ya mgomba yaliyoziba njia, maji yaingie kwetu. Usiku yanafungiwa kwenye nduwa, bwawa dogo la kuyatunza. Anayefungua nje ya zamu yake anapigwa faini na kamati ya mfereji, zamani mbege, pombe yetu ya ndizi, siku hizi fedha. Mama hajapigwa faini hata siku moja na anapenda watu wajue.

"Yanaishia baharini?" akauliza.

Nikamchorea njia kwenye majivu ya jikoni. Karanga na wenzake wanaingia Weruweru, Weruweru inaingia Kikuletwa, Kikuletwa inakutana na Ruvu pale bwawa la Nyumba ya Mungu, na kuanzia hapo mto unaitwa Pangani mpaka unapomwaga baharini, kwenye mji wenye jina hilohilo. Wiki iliyofuata tulikuwa stendi, mama amevaa koti la sufu na kanga mbili juu yake.

Niseme jambo moja kwa wenzangu wa Moshi na Arusha. Ukitaja ufukwe huku kwetu, mtu anajibu Zanzibar, au Mombasa, au Kigamboni akiwa na shemeji Dar. Pwani ya Tanga ni kama saa sita hivi kwa basi na hakuna anayeitaja. Reli yenyewe iliyoleta mji wetu huu ilianzia Tanga, Wajerumani waliianza 1893 na ikafika Moshi 1911. Yaani kwa muda mrefu mlango wetu wa bahari ulikuwa Tanga, tukausahau.

Basi likapita Same, Hedaru, Mombo, milima upande wa kushoto na mkonge kila mahali. Mama akaanza kuvua kanga moja Mombo, ya pili Korogwe. Tulipovuka daraja la Korogwe nikamwonyesha mto.

"Ndio huu?"

"Ndio."

"Mbona mchafu hivi?" Halafu, baada ya muda: "Umebeba udongo wetu."

Tukaukuta tena Hale, penye mitambo ya umeme, na mama akauangalia kama mtu anayemtambua jirani kwenye mji wa ugenini. Muheza tulinunua machungwa dirishani. Tanga tulilala, na sina la kusema juu ya usiku huo zaidi ya mbu.

Asubuhi tukapanda daladala ya Pangani. Ni kilomita 50 hivi, na njiani kuna pwani mbili ambazo ningeshuka kila moja siku nzima kama ningekuwa peke yangu. Ya kwanza ni Tongoni. Pale pana magofu ya msikiti na makaburi 40 hivi ya mawe ya matumbawe, mengine yana nguzo ndefu, na kwenye nguzo kuna mashimo ya mviringo yaliyokuwa yamepachikwa mabakuli ya Kichina. Mabakuli yenyewe hayapo, watu wameshayang'oa. Chini ya magofu ni mikoko na ufuo wa matope ambao hakuna mtalii atakayetandika taulo, lakini ukikaa kivulini unasikia kaa wakitembea kwenye majani makavu, kimya ni kikubwa kiasi hicho. Ni maji ya hapo karibu ambako meli mojawapo ya Vasco da Gama ilikwama kwenye fungu mwaka 1498. Wareno waliandika kwamba watu wa pwani waliwajia na vyombo vidogo vikiwa na machungwa matamu kuliko ya Ureno. Mwaka uliofuata, wakirudi, meli hiyohiyo waliichoma moto palepale kwa sababu mabaharia wengi walikuwa wamekufa na hawakubaki wa kutosha kuiendesha. Nikamsimulia mama. Alikuwa anamenya chungwa la Muheza. "Machungwa hawakusema uongo," akasema.

Ya pili ni Kigombe, kijiji cha wavuvi. Mbele yake bahari ni sehemu ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyotangazwa 2009 kwa ajili ya yule samaki ambaye wataalamu walidhani alitoweka zama za dinosaria, hadi alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Huku Tanga walianza kunaswa kwenye majarife ya maji marefu miaka ya 2000. Usitegemee kumwona, anaishi chini sana. Utakachoona Kigombe ni dagaa walioanikwa, ngalawa zimelala ubavu, na watoto wanaokufuata wakikuita mgeni. Harufu ni kali. Mama aliipenda, alisema ni harufu ya watu wanaofanya kazi.

Pangani mjini tukafika mchana. Mji umelala: majumba ya zamani yenye milango ya kuchonga, kuta zimevimba kwa chumvi. Hapo ndipo vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vilipoanzia mwaka 1888, na hapo ndipo walipomnyonga mwaka uliofuata. Kufika fukwe za kusini lazima uvuke mto kwenda Bweni. Nguzo za daraja jipya zilikuwa zimesimama, ila sisi tulivuka kwa pantoni, pamoja na pikipiki, magunia ya nazi na mbuzi mmoja asiyetaka kusafiri.

Mzee aliyekuwa ameegemea ukingo akamwamkia mama. Mama hakuelewa kwa nini mtu wa umri wake anampa shikamoo, akaitikia hivyohivyo. Mzee akauliza tumetoka wapi.

"Moshi."

"Aaa!" Akapiga paja. "Kumbe ninyi ndio mnaotufungia maji huko juu!"

Watu wakacheka. Mama hakucheka. "Nani kafunga? Mimi zamu yangu Alhamisi."

Mzee alipoona ameuliza kwa dhati naye akajibu kwa dhati. Alisema zamani maji matamu yalikuwa yanaisukuma bahari mpaka nje kabisa. Siku hizi mto unakuja mwembamba na bahari ndiyo inayopanda, kuna mashamba ya juu huko ambayo maji yake sasa yana chumvi, minazi inakauka kichwa. Mabwawa, mashamba ya mpunga, miji, kila mtu anachota. Hakumlaumu mtu. Alisema tu, sisi huku ni wa mwisho kwenye mfereji, mama, na wa mwisho anapata kilichobaki.

Hayo maneno, wa mwisho kwenye mfereji, mama aliyabeba. Jirani yetu wa chini kabisa pale Kibosho amekuwa akilalamika hivyo tangu nizaliwe.

Ushongo iko kusini, bodaboda mbili kwa njia ya mashamba ya mkonge, mama amekaa upande upande na mkoba kifuani. Nilikuwa nimelipia chumba kwa simu, "kinachoangalia bahari". Kiliangalia tangi la maji. Mwenyewe aliniambia bahari inasikika. Sitataja jina, na kusema kweli ilisikika.

Sasa ufukwe. Sijui nianzie wapi. Mchanga mweupe unaoelekea krimu, mgumu unapokanyaga, unakwenda kaskazini na kusini mpaka macho yanachoka, minazi nyuma, na kwa saa nzima unaweza kuhesabu watu kwa vidole vya mkono mmoja. Hakuna muziki. Hakuna anayekuuzia bangili. Kusi ilikuwa inavuma, kwa hiyo bahari ilikuwa na mikunjo na mwani ulitupwa mstari mrefu ukanuka kidogo jioni. Anayetaka bahari tulivu kama kioo aende kipindi cha kaskazi, kabla ya mvua za masika. Mimi sikujutia kusi, ule upepo ndio uliomfanya mama alale bila kulalamikia joto.

Tulifika maji yamejaa. Mama alisimama mbali, mikono nyuma, kama anakagua ng'ombe wa mnada. Hakusema kitu. Akaenda kulala.

Saa tatu asubuhi aliniamsha kwa kunitikisa bega. "Amka. Maji yameondoka."

Tukatoka. Ilikuwa bamvua, siku za maji makubwa, na maji yalikuwa yamekupwa mpaka mbali kabisa. Pale jana palipokuwa na mawimbi pamebaki uwanja wa mchanga wenye mistari midogomidogo, vidimbwi, ngalawa zimekaa mchangani kama kuku wanaoatamia. Jua lilikuwa limeshapanda upande wa bahari. Wanawake watatu walikuwa wanatembea kule miambani wameinama, na vijiti, wanachokoa pweza.

"Nani kafunga?" mama akauliza.

Nilitaka kumweleza habari ya mwezi, lakini kijana mmoja aliyekuwa anasafisha nyavu aliniwahi. "Hakuna anayefunga, bibi. Yanakwenda, yanarudi. Mara mbili kwa siku yanajaa, mara mbili yanakupwa. Kesho yatachelewa kidogo, kama saa moja kasoro. Kesho kutwa hivyohivyo."

"Yana zamu," mama akasema.

"Ndiyo, yana zamu."

Akavua viatu. Miguu ya mama yangu ni ya mtu aliyepanda na kushuka mlima miaka sabini, kisigino kimepasuka kama gome la mgrevilea. Akaingia kwenye kidimbwi, maji yakamfika kwenye kifundo, yalikuwa ya vuguvugu. Akachota kwa kiganja akaonja, akatema. Halafu akaonja tena, safari hii taratibu, na nikajua anatafuta kitu ndani yake. Sikumuuliza kama alikipata. Alisimama pale mpaka maji yalipoanza kurudi, yakija bila kelele, yakijaza kidimbwi kimoja, yakifurika kwenda kingine, sawasawa kabisa na yanavyoingia kwenye matuta ya mahindi asubuhi ya Alhamisi.

Siku ya tatu nilikwenda Maziwe peke yangu, mama alisema ameshaona inatosha. Maziwe ni kisiwa cha mchanga ambacho ni hifadhi tangu 1975. Kulikuwa na miti, mivinje, ikakatwa, bahari ikala mchanga, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 hapakuwa na mti hata mmoja. Sasa maji yakijaa sana kinabaki kama mgongo, au hakibaki. Unakwenda kwa saa za bahari. Nahodha akisema tuondoke, unaondoka na chapati yako mkononi. Matumbawe yake yana samaki wengi kuliko nilivyotegemea, maana pwani hii iliteswa miaka mingi na wavuvi wa baruti. Nililowa njia nzima kurudi.

Kasa bado wanapanda Maziwe kutaga, lakini kwa kuwa mayai yangezama, wanakijiji huyahamishia mchanga wa Ushongo, na baada ya miezi miwili hivi yanaanguliwa. Jioni ya mwisho tukaitwa kuona. Vitoto vya kasa vilitoka kimoja kimoja, kila kimoja kama kiberiti, vinapiga mabawa kwenye mchanga vikielekea kwenye mwanga wa bahari. Mama alichuchumaa, yeye mwenye magoti mabovu.

"Mama yao yuko wapi?"

"Alishaondoka siku alipotaga, bibi," mlinzi akamjibu.

"Na hivi vinajuaje njia?"

Mlinzi akacheka, akasema hata yeye huwa anajiuliza. Mama ana watoto saba, watano wako mbali. Akaendelea kuangalia mpaka cha mwisho kikabebwa na wimbi.

Tulirudi Jumatano. Alhamisi alfajiri nilisikia jembe likitoka ukutani, na baadaye sauti ya mama akiongea na jirani wa chini, yule mlalamikaji, juu ya mfereji.

"Kule maji yana zamu mbili kwa siku," anamwambia. "Yanafunguka yenyewe."

"Na faini?"

"Hakuna faini."

Jirani akafikiri. "Basi hao hawana kamati."