Mkanda wa Mjomba, Bahi

Maji ya Bahi hayana ukingo wa kudumu. Mto Bubu hushuka kutoka pande za Kondoa na kumwaga maji yake katika bonde lisilo na njia ya kutokea baharini, na ziwa linalofanyika hapo hutanuka au kusinyaa kwa kadiri ya mvua. Mwaka wa neema maji huja hadi kwenye majaruba ya mpunga. Mwishoni mwa kiangazi huwa yamerudi nyuma sana, na anayewafuata ndege hutembea juu ya tope lililokauka na kupasuka, hakuna mti, hakuna kivuli, upepo wetu wa Dodoma ukimjaza vumbi machoni.

Ilikuwa Novemba. Nilikuwa nafundisha baiolojia katika shule moja ya sekondari mjini Dodoma, na mwisho wa juma ule nilifikia kwa mjomba, mdogo wake mama, pale Bahi, ili niwawahi ndege wahamiaji kabla mvua haijafunga njia. Niliyemtaka hasa ni kitwitwi mdogo, yule anayezaliana kwenye nchi za baridi kaskazini kabisa mwa Urusi kisha akaja kukaa kwetu miezi ambayo kwao ni barafu tupu. Hafiki hata gramu 40. Miguu yake ni myeusi. Ndugu yake anayefanana naye ana miguu ya rangi ya njano iliyochanganyika na kijani. Sasa ujaribu kuona rangi ya mguu wa ndege wa kimo hicho akiwa mita 200 mbele yako, na kumsogelea huwezi kwa sababu tope bichi linameza mtu hadi magotini. Darubini ya macho mawili itakuonyesha kwamba pale kuna ndege. Skopu itakuonyesha mguu.

Skopu ni darubini ya jicho moja. Yangu ilikuwa na lenzi ya mbele ya milimita 80, inakuza kuanzia mara 20 hadi mara 60, na shingo yake imepinda ili mrefu na mfupi wachungulie bila kuhangaika na stendi kila mara. Ni chombo ninachokipenda mno. Ila hakishikiki mkononi: kwa ukuzaji huo hata pumzi yako inatosha kuitikisa picha, kwa hiyo lazima kikae juu ya stendi ya miguu mitatu, na stendi yenyewe iwe na uzito upepo usije ukaiangusha. Stendi yangu ilikuwa ya alumini. Vyote kwa pamoja vilikaribia kilo 5.

Kilo 5 si kitu kwa akina mama wa Bahi wanaotoka kisimani na ndoo ya lita 20. Lakini ndoo inakaa juu ya ngata, uzito unashuka wima kwenye uti wa mgongo. Stendi iliyokunjwa na kutupiwa begani inakandamiza mtulinga mahali pamoja, pembamba, hatua baada ya hatua, na skopu iko nyuma inaning'inia na kuvuta. Tena mkono mmoja unakuwa umefungwa kuishikilia. Ndege akiruka ghafla, darubini iko kifuani na huna mkono wa kuinyanyua. Nimewaona watu wanaojua ndege kuliko mimi wakiiacha skopu kwenye gari kwa sababu ya bega tu, wakarudi na orodha imejaa maneno “kitwitwi fulani”. Hilo linaniuma. Ndege amevuka mabara kuja kwetu, halafu sisi tunashindwa kumtaja jina kwa kukosa mkanda.

Jioni ya Ijumaa nilirudi kutoka ziwani bega likiwaka moto. Mjomba alikuwa kibandani kwake karibu na stesheni, akipiga soli ya katambuga. Ujanani alikuwa mchukuzi stesheni ya Dodoma, akibeba masanduku ya abiria wa treni ya Kigoma, na ushonaji wa viatu aliuanza mgongo ulipochoka. Aliniamkia kwa Kigogo, kisha akanyamaza, akaweka nyundo chini.

“Hebu geuka, mama.”

Akaivuta kola yangu kwa kidole kimoja. Ngozi ilikuwa imechubuka.

“Hiki chuma ndicho kimekufanya hivi?”

“Ndicho, mjomba.”

“Unakishusha mara ngapi njiani?”

Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Wote huuliza kina uzito gani. Nikamweleza: kila ndege anapotokea. Nashusha, nafungua miguu, naangalia, nakunja, nabeba tena, na pengine sijatembea hatua hamsini.

“Basi usikibebe kama sanduku,” akasema. “Sanduku unalibeba mara moja mpaka behewani, yamekwisha. Hiki ni cha kupanda na kushuka. Kikae mgongoni, na kitoke kwa bega moja.”

Akafungua shati kidogo, akanionyesha bega lake. Lilikuwa na sugu ngumu, ya miaka. Nikawaza wapagazi wa Kinyamwezi waliopita Ugogo hii hii karne ya 19, pembe za ndovu mabegani, mzigo wa frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei, kutoka Tabora hadi Bagamoyo. Mjomba hakuwa na habari na wapagazi. Alikuwa ameshaanza kupekua gunia lake la makorokoro.

Alitoa begi la shule lililochanika, akalikata akabakiza mikanda miwili ya mabega. Akatoa na mkanda wa gari, ule wa kufunga abiria, akaushika kwa mikono miwili na kuuvuta mbele yangu nione hautanuki. Huo ndio aliufanya mshipi wa kiunoni, mpana, maana alisisitiza kwamba mzigo ubebwe na nyonga, mabega kazi yake ni kuuzuia usiyumbe. Juu akashona vitanzi viwili vya kushika miguu miwili ya stendi, chini kidogo ya kichwa chake. Mguu wa tatu akauacha huru. Chini akaweka ukanda mmoja wa kuikusanya miguu yote, unaofunguka kwa klipu ukiivuta na vidole viwili. Kati ya stendi na mgongo akaweka kipande cha godoro alichokivisha turubai. Kila alipomaliza mshono aliniambia nivae, akazunguka nyuma yangu, akasukuma stendi hadi ikaugusa mgongo kabisa. Mzigo ukikaa mbali na mgongo, alisema, unakuvuta nyuma, na wewe unainama mbele kuusawazisha, jioni kiuno kinauma hujui kwa nini.

Nilimwonyesha jambo moja tu ambalo hakuwa amelifikiria: ile skrubu ndogo inayoishika skopu juu ya stendi. Mtikisiko wa kutembea huilegeza polepole, na skopu nyingi zimevunjika hivyo duniani. Akachukua kamba ya nailoni, akaipitisha kwenye shingo ya skopu, akaifunga kwenye stendi kwa fundo la wachukuzi. Skrubu ikifunguka, kamba inadaka.

Jumamosi saa 12 asubuhi nilitoka. Kulikuwa bado na ubaridi. Kwenye mibuyu ya pembeni mwa mashamba nikasikia kelele nyembamba, mikono yote miwili ikapanda yenyewe na darubini: kasuku wadogo wenye shingo ya njano, kundi zima, wakitoka kwenye tundu la mbuyu mmoja baada ya mwingine. Ni ndege wa Tanzania hao, asili yao ni huku kwetu. Nilikuwa nimewasikia jana yake vilevile, na jana nilipomaliza kutua mzigo walikuwa wameshapotea. Safari hii niliwafuata kwa macho hadi mwisho, na mzigo uko mgongoni, sijaugusa.

Tope lilikuwa refu kama kawaida. Tofauti ni kwamba niliangalia ndege badala ya kuangalia bega. Nikisimama, navuta klipu, nateleza mkanda mmoja, stendi inazunguka kwa mbele na miguu imeshatua. Kichwa cha skopu kinabaki palepale kilipofungwa. Nilifika maji yakiwa bado yana rangi ya risasi, mwari wamejipanga kwa mbali, yangeyange kila upande. Nikautundika mkoba wa maji chini ya kiungo cha stendi ili upepo usiitikise, nikaanza na ukuzaji wa 20 kutafuta, kisha 40.

Vitwitwi walikuwepo. Walikimbia ukingoni, wakidonoa upesiupesi, na mmoja akasimama ubavu. Miguu myeusi, myeusi kabisa. Nilimtazama mpaka jicho likatoa machozi.

Vijana wawili waliokuwa wakirudi na kambale wao kwenye baiskeli walisimama, wakanisalimu, “Shikamoo mwalimu,” wakaomba kuchungulia. Nikawaambia ndege yule atakapoondoka kwetu Aprili atapita juu ya nchi nyingi hadi Urusi. Mdogo wao aliganda kwenye lenzi muda mrefu. Kisha akauliza, “Na yeye anabeba nini cha kula njiani?” Nikamweleza habari ya mafuta anayoyajaza mwilini kabla ya safari, na tukakaa hapo tunazungumza hadi saa 4, mazigazi yalipoanza kucheza juu ya tope na picha ikawa inayeyuka kila nikikuza.

Niliporudi kibandani mjomba hakuuliza nimeona nini. Aliuliza mkanda umenibana wapi. Nikamwambia miguu ya stendi inagonga nyuma ya paja ninapopanda majaruba. Akauvaa yeye mwenyewe, na stendi juu yake, akatembea hadi relini na kurudi, huku akiinua magoti kama anayevuka tuta. Akasema vitanzi vipandishwe juu kwa upana wa vidole viwili. Akachukua wembe, akavifumua vyote, akaanza kushona upya.