Maneno ya Kiingereza yaliyokufa ila bado tunayatamka

Mi napenda sana haya maneno ya Kiingereza ambayo yenyewe yalishakufa zamani ila kipande chake kimejificha ndani ya neno jingine, yani unalitamka kila siku na wala hujui. Chukua wer. Kwenye Kiingereza cha kale wer ni mwanaume, wif ni mwanamke yeyote awe ameolewa au hajaolewa, na man ni binadamu tu, wa jinsia yoyote. Baadae man ikachukuliwa na wanaume, wer ikapotea, ikabaki kwenye werewolf, yule mtu anayegeuka mbwa mwitu. Wif ikaungana na man ikawa wifman, ndo tukapata woman, na yenyewe peke yake maana ikapungua ikawa wife, mke wa mtu. Ndo maana midwife haihusiani na ndoa kabisa, mid ya hapo ni "pamoja na", kwahiyo mkunga ni yule anayekuwa pamoja na mwanamke, na kwangu hii ndo asili nzuri kuliko zote.

Ruth, yani huruma, siku hizi huisikii ila ruthless, yani asiye na huruma, ipo kila mahali. Mengine hayakufa, maana tu ndo ilibadilika. Deer, ambayo leo ni yule mnyama mwenye pembe kama matawi, zamani ilikuwa mnyama yeyote, Wajerumani mpaka leo Tier yao ni mnyama. Alafu nice! Imetoka Kilatini nescius, asiyejua, ikapitia Kifaransa, na miaka ya 1300 Mwingereza akikuita nice alimaanisha we mjinga, ikaja kuwa mtu wa kuchaguachagua, uzuri umekuja baadae sana.