Punje ya mchele chini ya kifungo: mradi wa galaksi jirani, wiki ya tano

Wiki hii nimeng'oa nyuzi nne nilizokwisha kuzifunga, na nimefurahi kuzing'oa.

Kwa anayeanza kusoma leo: ninatundika galaksi jirani kwenye dari ya chumba changu hapa Iringa, sentimita 10 kwa kila miaka ya nuru milioni moja (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja). Njia ya Maziwa, galaksi yetu, ni kifungo cha shati chenye upana wa sentimita moja, kimelala bapa chini ya dari. Andromeda, galaksi kubwa jirani yetu, iko sentimita 25 kutoka hapo. Galaksi kubwa ya kundi la galaksi liitwalo Sculptor, NGC 253 (NGC ni orodha ya vitu vya angani vilivyopewa namba), iko karibu kabisa upande wa ncha ya kusini ya galaksi yetu, yaani chini ya kifungo moja kwa moja, hivyo uzi wake unashuka wima kutoka kwenye kifungo, sentimita 114. Hakuna pembe ya kupima.

Kosa langu ni kwamba wanakundi wote wa Sculptor niliwaning'iniza kina kimoja, kwa kuwa kwenye orodha hutajwa pamoja. NGC 55 ikiwemo. Lakini Novemba, saa tatu usiku, niliitazama kwa darubini ya mkono karibu na nyota Ankaa: mchirizi mwembamba, upande mmoja ukiwa mwangavu kuliko mwingine. James Dunlop aliiona mwaka 1826 akiwa Parramatta, Australia. Urefu wake angani unakaribia upana wa mwezi mpevu. Nikapiga hesabu: kama kweli ingekuwa mbali kama NGC 253, ingekuwa na miaka ya nuru zaidi ya laki moja, sawa na galaksi yetu nzima! Kwa galaksi isiyo na umbo maalumu, ya jamii ya Mawingu ya Magellan (galaksi ndogo mbili zilizo karibu na yetu), hiyo haingii akilini.

Umbali wake ni kama miaka ya nuru milioni 6.5. Kwa kipimo changu urefu wake unakuwa milimita sita, yaani punje ya mchele.

Nimeitundika upya: sentimita 63 chini, 16 pembeni. NGC 300 imekuja kukaa sentimita 10 tu kutoka kwake, na wanaastronomia wengi huziona hizi mbili kuwa jozi. Kisha nikachukua rula. Kutoka punje hadi kifungo, 65. Hadi Andromeda, 66. Hadi NGC 253, 54. Nilirudia kupima mara tatu, moyo ukinidunda. Haiko kwetu, wala haiko kwao, iko njiani. Mwaka 2003 mwanaastronomia Igor Karachentsev na wenzake walionyesha kwamba "kundi" la Sculptor ni mkufu mrefu uliolegea, na NGC 55 na NGC 300 ziko kwenye ncha yake ya upande wetu. Sasa mkufu huo ninauona nikiwa nimelala kitandani.

Bado NGC 247 na NGC 7793, ambazo zinahitaji uzi mrefu zaidi. Punje nimeigandisha kwa gundi ubavu wake ukielekea kifungo, kwa maana kutoka huku kwetu tunaiona ubavuni.