Petisheni ya kumfukuza Carmen Ortiz iligonga mlango usio wake

Ikulu ya Marekani ilichukua karibu miaka miwili kujibu. Watu waliweka saini Januari 2013, petisheni ikavuka saini 25,000 zilizotakiwa ili Ikulu ijibu ndani ya siku chache, wakakaa kusubiri. Jibu likaja Januari 2015: kifo cha Aaron Swartz, mwandishi wa programu aliyejiua akisubiri kesi iliyofunguliwa na ofisi ya Ortiz, ni msiba, ila masuala ya watumishi wa serikali hayajadiliwi kwenye petisheni. Basi. Carmen Ortiz, mwendesha mashtaka mkuu wa serikali ya shirikisho huko Massachusetts, aliendelea na kiti chake mpaka Januari 2017. Petisheni ya pili, iliyomlenga Stephen Heymann aliyeishika kesi yenyewe, ilipewa jibu hilohilo.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na nyingi kati yake ni za kuchota data kwenye tovuti za watu. Ndiyo maana kesi hii niliisoma kwa jicho la fundi kwanza. Swartz aliingia kwenye mtandao wa chuo cha MIT kama mgeni, akajiandikisha kwa jina la Gary Host, na akaendesha programu fupi iliyoitwa keepgrabbing.py kuchota makala za kitaaluma kutoka JSTOR, maktaba ya mtandaoni. Walipomzuia, akabadilisha anwani ya kompyuta akarudi. Mwishowe akaingiza kompyuta kwenye chumba kidogo cha nyaya katika jengo moja la chuo, akaichomeka moja kwa moja. Kamera ilimnasa akiingia humo ameziba uso kwa kofia ya baiskeli, na Januari 6, 2011 akakamatwa.

Simpambi. Mtu anayeziba uso kwa kofia anajua kuna anayemkataza. Lakini makala alizirudisha, akamalizana na JSTOR, na JSTOR wakasema wazi kwamba wao hawana haja ya kuendelea na kesi. Mwenye mali akishasema hivyo, mtu wa kawaida anatarajia faini, labda kifungo cha nje, na onyo la kukumbukwa.

Julai 2011 yakatoka mashtaka manne. Taarifa ya ofisi ya Ortiz kwa waandishi ilitaja kifungo cha hadi miaka 35 na faini ya hadi dola milioni moja, pamoja na ile kauli yake kwamba wizi ni wizi, uwe umetumia amri ya kompyuta au mtaimbo. Septemba 2012 mashtaka manne yakawa 13. Hapo ndipo nilipokaa sana. Hati zote mbili niliziweka kwenye programu ileile ninayotumia kulinganisha matoleo ya msimbo, nikapitia mstari kwa mstari nikitafuta tukio jipya. Nilitarajia kukuta chuo cha pili, au mtu aliyeuziwa makala. Hakuna. Ni vuli ileile, kompyuta ileile, chumba kilekile, ila sasa matukio yamekatwakatwa kwa tarehe, kila kipande kikapewa namba yake na kifungo chake.

Swartz alijiua Januari 11, 2013, akiwa na miaka 26, kesi ikiwa bado haijasikilizwa. Siku chache baadaye Ortiz akatoa taarifa: ofisi yake haikuwahi kukusudia adhabu ya juu kabisa, kama angekiri, wangependekeza miezi sita katika gereza la ulinzi mdogo.

Niliposoma hivyo nilikasirika zaidi kuliko niliposoma ile miaka 35. Kwa sababu alikuwa anasema kweli, na kweli yenyewe ndiyo tatizo. Miaka 35 ilikuwa ya magazeti na ya kumkosesha usingizi. Miezi sita ilikuwa ya mezani. Ni mchuuzi anayetaja bei ya kukutisha ili ushukuru akikupunguzia, isipokuwa hapa ukikataa kununua unalipa ile ya kwanza. Na meza hiyo ilidai akiri makosa yote 13.

Wala Ortiz hakuibuni mbinu hii. Mahakama ya Juu ya Marekani iliibariki mwaka 1978 katika kesi ya Paul Hayes wa Kentucky, aliyeshtakiwa kwa hundi ya kughushi ya dola 88.30. Kosa lenyewe lilikuwa la miaka miwili hadi 10. Mwendesha mashtaka akampa ofa: kiri, nitapendekeza mitano, ukiniletea usumbufu wa kesi, nakuongezea shtaka la mhalifu sugu. Hayes akakataa. Akafungwa maisha. Majaji watano dhidi ya wanne wakaona katiba haijavunjwa. Kufikia 2012 mahakama hiyohiyo ilikuwa inaandika bila kupepesa macho kwamba asilimia 97 ya hukumu za hatia katika mahakama za shirikisho zinatokana na watu kukiri. Kesi inayosikilizwa mpaka mwisho imekuwa kitu adimu.

Kwa hiyo Mwanasheria Mkuu Eric Holder aliposimama mbele ya maseneta Machi 2013, akabanwa na John Cornyn wa Texas, na kujibu kwamba kesi ile ilikuwa matumizi mazuri ya mamlaka ya mwendesha mashtaka, sidhani alikuwa anafunika kombe. Kwa kanuni zao, hakuna kilichoharibika. Ndiyo sababu petisheni ya kumfukuza mtu mmoja ilikuwa rahisi kuizungusha: unamfukuzaje mtu kwa kufanya kazi jinsi inavyofanywa?

Kuna jambo jingine ambalo wenzangu tuliompenda Swartz hatupendi kulisema. MIT walifanya uchunguzi wao, ripoti ikatoka Julai 2013 chini ya Profesa Hal Abelson. Humo kuna maelezo ya mazungumzo kati ya mwendesha mashtaka na wakili wa chuo. Jamaa analalamika kwamba alimpa Swartz nafasi ya kufika mahakamani kwa miguu yake badala ya kukamatwa, na Swartz akaitumia kuanzisha kampeni kali ya mtandaoni. Na kwamba kampeni hiyo iliitoa kesi kwenye ngazi ya mtu na mtu ikawa suala la taasisi. Msome tena huyo bwana. Anakiri, na haoni haya, kwamba kelele za watu zilimfanya akaze. Ofisi ya mashtaka ikipigiwa kelele kesi ikiwa moto, kulegeza kunaonekana ni kushindwa. Halafu kesi ikifa pamoja na mshtakiwa, mnaambiwa hilo ni suala la watumishi. Kabla hairuhusiwi, baada haijibiwi.

Sasa linganisha na Texas, mwaka uleule. Michael Morton alifungwa 1987 kwa kumuua mkewe. Alikaa ndani karibu miaka 25 mpaka vinasaba kwenye kitambaa chenye damu, kilichookotwa karibu na nyumba yao, vilipoonyesha mtu mwingine. Akatoka Oktoba 2011. Mawakili wake walipofungua jalada walikuta mambo ambayo upande wa utetezi haukupewa, likiwemo simulizi la mtoto wake wa miaka mitatu, aliyemwambia bibi yake kwamba aliyemuumiza mama hakuwa baba. Karatasi hiyo ilikuwepo muda wote. Mwendesha mashtaka wa kesi, Ken Anderson, alishapanda cheo akawa jaji.

Anderson hakuponea kwenye "masuala ya watumishi". Mapema 2013 kulifanyika kikao maalumu cha uchunguzi mahakamani, utaratibu wa Texas ambao hata wanasheria wa huko hawauoni mara nyingi. Septemba akajiuzulu ujaji, Novemba akahukumiwa siku 10 jela na kusalimisha leseni ya uwakili. Siku 10 kwa karibu miaka 25. Hesabu hiyo inakera, sitaitetea. Ila leseni ilikwenda. Mrithi wake, John Bradley, aliyepinga kwa miaka kitambaa kile kipimwe, alikuwa ameshaangushwa na wapiga kura kwenye mchujo wa chama 2012. Na bunge la Texas likapitisha sheria yenye jina la Morton, inayowalazimisha waendesha mashtaka wa jimbo hilo kufungua majalada yao kwa utetezi.

Watu wa Texas hawakupiga kelele kubwa kuliko watu wa intaneti. Walikuwa na karatasi mkononi, na walikuwa na mahali pa kuipeleka. Mwendesha mashtaka wa wilaya huko anapigiwa kura. Ortiz aliteuliwa na rais na kuthibitishwa na Seneti, hakuwa na mpiga kura hata mmoja. Anderson alikuwa amevunja wajibu unaojulikana. Ortiz alitumia ruhusa. Tangu 1976 mwendesha mashtaka hawezi kudaiwa fidia kwa anachokifanya katika kuendesha kesi, hata akifanya kwa nia mbaya, na majaji walioweka kinga hiyo walisema wenyewe kwamba dawa ipo kwingine: sheria ya jinai na nidhamu ya uwakili. Kwa hiyo mlango wameutaja. Malalamiko mengi hayaufikii kwa sababu yanaanza na "afukuzwe" na kuishia hapohapo, bila ukurasa wa jalada wala kifungu cha maadili kilichokiukwa.

Na kabla hatujashangilia sana kura, tumkumbuke Mike Nifong wa Durham, North Carolina. Mwaka 2006 aliwashikilia wanamichezo watatu wa chuo cha Duke kwa shtaka la kubaka ambalo halikuwa na ushahidi, huku akificha matokeo ya vinasaba, na yote hayo akiwa kwenye kampeni ya kutetea kiti chake. Umma ulitaka vichwa, akaupa. Alivuliwa uwakili 2007. Presha ya wananchi ilimwangusha, sawa, lakini ndiyo pia iliyompandisha jukwaani. Kila ninapoona watu wamejaa hasira wakitaka fulani ashtakiwe kwa kila kifungu kinachowezekana, nafikiri: hawa ndio kesho watakaosaini petisheni dhidi ya mwendesha mashtaka aliyewasikiliza.

Kama ningeandika petisheni ile mimi, nisingemtaja Ortiz kwenye kichwa. Ningeomba ofisi ya mashtaka itangaze, kwa kila kesi iliyofungwa, ofa iliyotolewa mezani na adhabu iliyotajwa kwa waandishi wa habari, zote kwenye ukurasa mmoja. Ni ombi la kuchosha, halitapata saini 25,000 kwa wiki.

Zoe Lofgren na Ron Wyden walipeleka Congress mswada wenye jina la Aaron mwaka 2013, wa kupunguza makali ya sheria ya uhalifu wa kompyuta ya 1986, iliyotumika kumshtaki Swartz. Haukupita. Kilichopunguza makali kidogo ni hukumu ya Mahakama ya Juu ya Juni 2021, majaji sita kwa watatu, na aliyenufaika ni sajenti wa polisi wa Georgia, Nathan Van Buren, aliyepokea pesa ili atafute namba ya gari kwenye mfumo wa polisi. Majaji wakasema mtu mwenye ruhusa ya kuingia kwenye mfumo havunji sheria hiyo kwa sababu tu ameutumia kwa lengo baya. Kukatakata vuli moja kuwa mashtaka 13 hawakukugusa, maana hakuna aliyewauliza.