Kitufe cha Mdundo

Mwaka 2003 sisi vijana wa usharika, nje kidogo ya mji wa Bukoba, tulinunua kinanda. Tulichanga karibu mwaka mzima, kwa vibarua vya kulima na maandazi ya baada ya ibada. Kilikuja kwa meli kutoka Mwanza, kimeviringishwa blanketi kama mtoto.

Jumapili ya kwanza tukakiunganisha na spika mbili za kukodi. Chenyewe tukakitia betri sita, maana umeme haukuaminika. Mimi nilikuwa sauti ya tatu, nyuma tu ya mpigaji. Tukaanza "Mwamba Wenye Imara" polepole, kama tulivyoukuta. Ubeti wa pili, sijui ni kidole au ni shetani, jamaa akagusa kitufe cha mdundo. Ikatoka rege. Na kwa wazee wetu rege ilikuwa bangi, basi. Ubaya ni kwamba ilikwenda na wimbo. Akina mama wa nyuma walishaanza kutikisa mabega.

Mzee mmoja wa kanisa akainuka, akaja moja kwa moja, akang'oa waya mgongoni mwa kinanda. Spika zikanyamaza. Kinanda hakikunyamaza. Kiliendelea na rege yake kwa vispika vyake vya ndani, tsi-tsi-tsi, kama nyenze kwenye kopo, na mzee kashika waya hajui aufanye nini.

Wa kwanza kucheka alikuwa bibi yangu. Yeye ndiye niliyemwogopa kuliko wote: mlokole wa ule uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukaenea Uganda na kwetu; hakai nyumba yenye rubisi, ile pombe ya ndizi.

Jioni, akimenya ndizi, nikamuuliza.

"Sisi tulipookoka, mjukuu wangu, tuliimba Tukutendereza hadi usiku wa manane. Tunatubu mbele za watu: wizi, uzinzi, vyote. Wakubwa wa kanisa wakasema tuna wazimu. Baba mkwe alinifungia nje." Akatupa ganda. "Lakini ngoma yenu siipendi. Nilicheka waya."

Kinanda kilifungiwa ofisini miezi minne, kikarudi kwa sharti kwamba kitufe kizibwe. Mama mchungaji akatoa plasta ya kidonda.

Mwaka jana nilikwenda huko harusini. Kwaya ina dramu, gitaa la besi, na rege wanapiga bila kuulizwa. Kinanda chetu nimekikuta stoo, chini ya viti vya plastiki. Plasta bado ipo, imeachia upande mmoja.