Pakacha la Vidaka

Mzee aliingia ofisini kwa mwalimu mkuu na pakacha mkononi, akaitikia salamu zetu, kisha akalimimina lote juu ya meza. Vidaka, yaani nazi changa kabisa, vikabingirika juu ya madaftari, vingine vikadondoka sakafuni hadi miguuni kwangu. Vilikuwa bado vibichi, vidogo kama ndimu, na karibu kila kimoja kilikuwa kimetafunwa. Alama za meno zilionekana hata na mtu aliyekaa mbali.

"Nimeambiwa hapa kuna mwalimu anayesema punju hali nazi," akasema, akimaanisha kima mwekundu wa msitu wa karibu. "Basi na aitwe anieleze hivi vimeliwa na nani."

Mwalimu mkuu akanitazama. Mwalimu huyo nilikuwa mimi.

Ilikuwa mwanzoni mwa 2008. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, hapa Unguja, ilikuwa na miaka minne tangu itangazwe, na kazi yangu ilikuwa kutunga masomo ya wanyamapori kwa ajili ya skuli za vijiji vinavyoizunguka. Asubuhi nikipanda gari ya Makunduchi pale Darajani, nikishuka Pete au Kitogani na begi la vitabu, nikizunguka skuli moja baada ya nyingine. Kijitabu changu cha kwanza kilikuwa kimetoka kiwandani wiki chache nyuma, na nilikuwa nimekifanyia kazi kwa mapenzi makubwa. Kilieleza kwamba kima punju hana kwao kwengine ila Zanzibar. Kilieleza kwamba tumbo lake lina vyumba vinne vya kuchachusha majani, ndiyo maana matunda mabivu yenye sukari hayamfai. Kilieleza hata ule ulaji wake wa makaa: majani ya miembe na mikungu yana sumu kidogo, na makaa anayookota kwenye matanuri na visiki vilivyoungua huifyonza sumu hiyo tumboni. Watoto waliupenda sana ukurasa wa makaa.

Ukurasa wa sita ulikuwa na sentensi moja kwa herufi kubwa: PUNJU HAHARIBU MAZAO.

Sentensi hiyo sikuizua. Katika miaka ya 1990 watafiti walikaa katika mashamba ya upande huu huu, wakahesabu nazi na vidaka, wakaona kwamba pale punju walipokula vidaka vingi mavuno hayakupungua. Yalielekea hata kuzidi. Maelezo yao ni kwamba mnazi hutoa vidaka vingi kuliko unavyoweza kuvilea, na punju huenda anapunguza vile ambavyo vingeanguka vyenyewe. Kazi ya miaka mizima ile mimi niliifinya ikawa maneno matatu, kisha nikamkabidhi mtoto wa darasa la sita ende nayo nyumbani.

Mtoto akaenda nayo. Usiku, mbele ya wageni, babu yake alipokuwa akilalamikia minazi yake, mjukuu akasema: "Babu, mwalimu kasema si kweli." Kwa mila zetu hakuna haja ya kueleza aibu ile ilikuwa na uzito gani. Mzee hakumpiga wala hakumjibu. Aliamka alfajiri, akaswali, akaenda shambani kuokota.

Nilianza kueleza. Nilitaja watafiti, nikataja tumbo la vyumba vinne. Akaniacha nimalize, halafu akaniuliza kwa sauti ya upole kabisa:

"Mwanangu, wewe una minazi mingapi?"

"Sina hata mmoja, mzee wangu."

"Haya."

Nikamuomba radhi, si kwa ajili ya punju, ila kwa ajili ya maneno niliyompa mjukuu wake ayaseme mbele za watu. Hayo aliyapokea. Nikamuomba pia aniruhusu nilione shamba. Akafikiri kidogo, akasema: "Njoo Jumamosi. Na uje na hao watoto, waone wenyewe, wasije wakaambiwa tena."

Tulikwenda Jumamosi baada ya watoto kutoka chuoni, wengine bado wana juzuu zao mkononi. Shamba lilikuwa refu na jembamba, kichwa chake nyumbani, mguu wake kwenye ukingo wa msitu. Nilikuwa nimepanga namna ya kuanza somo, lakini mzee hakunipa nafasi hiyo, na nashukuru. Alisimama chini ya mnazi wa kwanza akaanza yeye. Akawaonesha karara, ala la maua ya mnazi, ambalo bado limefumba, na jengine lililopasuka. Akaokota kidaka akakiweka kiganjani. Akamtuma mkwezi, kijana wa jirani, amwangulie kitale, dafu, koroma na nazi kutoka mnazi mmoja, akavipanga chini kwa safu, na kila mtoto akatakiwa avitaje kwa mpangilio, kwenda na kurudi. Aliyekosea kati ya dafu na koroma alirudishiwa atikise yote mawili sikioni mpaka aisikie tofauti. Nilikaa juu ya gogo nikiandika haraka. Katika miaka yangu ya chuo hakuna aliyenifundisha mmea kwa namna ile.

Kisha tukaokota. Watoto walijigawa chini ya minazi, wakarudi na vidaka kwenye mikono ya nguo na mapindo ya kanga, na mzee akawaagiza watenge mafungu matatu: vyenye meno, vyenye tundu la panya, na vizima visivyoguswa na kitu. Kulitokea ubishi mkubwa juu ya vidaka kumi hivi vilivyokuwa vimeanza kuoza. Msichana mmoja akafungua fungu la nne peke yake, akaliita "hatujui", na hakuna aliyeweza kumwondoa hapo. Nilimpenda kwa hilo, na mpaka leo kila zoezi la kuhesabu ninalotunga lina safu ya "hatujui".

Fungu la vizima likawa kubwa kuliko la vyenye meno.

"Hivi," mzee akasema akionesha vile vizima, "mnazi umevipukuta wenyewe. Hupukuta kila mwaka. Hauwezi kuvilea vyote."

Sikusema kitu. Jambo lile nililotaka kumfundisha kwa majina ya watafiti alikuwa akilijua tangu utoto, na alilisema kana kwamba anataja siku ya wiki. Msichana wa fungu la nne ndiye aliyenyoosha mkono.

"Babu, punju akila kidaka ambacho mnazi ungekipukuta, wewe umepata hasara?"

Mzee akamtazama kwa muda. "Hapana. Lakini utajuaje kama ungekipukuta?"

Kimya kikaingia. Nami nilikuwa kimya pamoja nao, kwa sababu swali hilo ndilo moyo wa utafiti wote ule wa miaka ya 1990, na katika kijitabu changu halikuwepo. Kidaka kilichokwisha kuliwa hakiwezi kusema kingekuwa nazi au kingeanguka. Mjukuu, ambaye siku hiyo hakuwa amefungua kinywa, akasema kwa sauti ndogo: "Tuhesabu nazi. Tuone anapokula sana kama nazi zinapungua."

"Zipi?" babu yake akamuuliza. "Za mwezi ujao? Nazi tutakazoangua mwezi ujao zilikuwa vidaka mwaka jana. Mnaokota vidaka vya leo, mnahesabu nazi za jana, mtapata nini?"

Mpango niliokuwa nao kwenye begi ulikuwa wa majuma sita. Nilikuwa nimeuandika kwa makini, una malengo na ratiba, na ofisi ilikuwa imeupitisha. Kwa sentensi ile ukafa pale pale chini ya mnazi. Kutoka karara kupasuka hadi nazi kukomaa ni karibu mwaka mzima, kwa hiyo somo lilihitaji mwaka mzima, au lisiwepo kabisa.

Tulichagua minazi kumi na miwili: minne ukingoni mwa msitu, minne katikati, minne karibu na nyumba. Tukaifunga vitambaa vya kanga kuukuu, rangi tatu. Kila Jumamosi watoto waliookota waliandika katika daftari moja lililokaa nyumbani kwa mzee, juu ya kabati la vyombo. Masika yalilirowesha mara mbili likaanikwa juani. Ramadhani kulikuwa na wiki ambazo alikwenda mjukuu peke yake. Kila baada ya miezi mitatu, siku ya kuangua, darasa zima lilikuja na mkwezi akawa anapiga kelele ya onyo kabla ya kuangusha, huku watoto wamejipanga mbali wakihesabu kila kishindo. Mimi nilikwenda nilipoweza. Nilianza kwenda hata siku nisizotakiwa.

Na punju walikuja. Hilo ndilo lililobadilisha mengi kuliko hesabu, nadhani, kwa sababu watoto wa kijiji kile walikuwa wamezaliwa pamoja nao lakini walikuwa wamezoea kuwarushia mawe. Sasa walikuwa na haja ya kujua nani anakula nini, basi walikaa wakatazama. Waligundua wenyewe kwamba ndizi za mzee zilikuwa zikimalizwa na kima wa kawaida, yule wa kijivujivu mwenye haraka, na kwamba punju hupita kwenye migomba bila kugusa ndizi mbivu. Wanyama wawili walikuwa wakibebeshwa kesi moja.

Mwaka ulipotimia, darasa la sita lilikuwa la saba. Tuliketi barazani kwa mzee kujumlisha. Minazi ya ukingoni ndiyo iliyokuwa na vidaka vingi vyenye meno, kwa mbali sana. Hapo mzee alikuwa na haki tangu siku ya pakacha. Lakini nazi zake hazikuwa chache kuliko za minazi ya nyumbani, na miwili kati yake ilizidi. Mmoja wa katikati ulitoa nazi kidogo mno, watoto wakaanza kumtafutia punju hatia nyengine, mzee akawakata: "Ule ni mzee kuliko mimi. Kapanda babu yangu. Mwacheni apumzike."

Hakusema kwamba alikosea, wala sikutaka aseme. Minazi kumi na miwili katika shamba moja si ushahidi wa kumlazimisha mtu, na hilo niliwaambia watoto waziwazi. Alilitaka lile daftari abaki nalo. Tukanakili kwanza, tukamwachia.

Ofisini haikuwa rahisi. Mkubwa wangu wa wakati ule aliniuliza kwa nini nataka kuondoa sentensi iliyo sahihi kutoka vijitabu mia tano vilivyokwisha lipiwa. Nilimjibu kwamba sentensi ile inamrudisha mtoto nyumbani akiwa na ugomvi, na mimi nataka arudi na swali ambalo babu yake anaweza kumsaidia kulijibu. Hatukukubaliana. Mwishoni akaniruhusu, kwa sharti kwamba sitaomba fedha. Basi kwa wiki nzima, baada ya isha, mimi na wadogo zangu tulikaa kwenye mkeka tukibandika karatasi mpya juu ya ukurasa wa sita, kimoja kimoja, kwa gundi ya unga wa ngano. Ukurasa mpya ulikuwa na safu ya kidaka hadi nazi, mafungu manne ya kuokota chini ya mnazi, na swali la mzee lilivyo: Utajuaje kama ungekipukuta?

Nakala ya kwanza nilimpelekea mwenyewe. Alivaa miwani, akausoma ukurasa ule pole pole, midomo ikicheza. Kisha akafungua mwanzo, penye picha kubwa ya punju iliyokuwepo tangu chapa ya awali, akaisogeza karibu na uso.

"Nani kachora?"

"Mchoraji wa mjini, mzee wangu."

"Mkono huu una dole gumba."

Nikainama kutazama. Kweli lilikuwepo, limeshika tawi vizuri kama la mtu.

"Punju hana dole gumba," akasema. "Ana kinundu tu, hapa. Hulinyakua tawi kwa vidole vinne kama kulabu, akaning'inia. Huyu mmechora kima mkampaka wekundu." Akanirudishia kijitabu. "Na kima naye mpeni ukurasa wake. Ndizi zangu amekula sana."

Mtu niliyedhani hawapendi punju alikuwa amewatazama mikono yao kwa muda mrefu kuliko mimi.

Mchoraji hakuniamini. Nikamkatia nauli kwa pesa yangu, tukapanda gari ya asubuhi, nikamkalisha chini ya mkungu ulio karibu na barabara, pale magari yanapopunguza mwendo kwenye matuta. Kundi lilikuwa juu linakula. Alikaa hadi adhuhuri bila kuzungumza na mtu, shingo juu, penseli mkononi, na tuliporudi mjini daftari lake lilikuwa limejaa mikono, ukurasa hadi ukurasa.